Jicho Linalomjua Samaki

Samaki wa Ziwa Albert hufika Kpandroma akiwa amekwisha kupoteza rangi yake. Amevuliwa usiku, amepasuliwa ufukoni, amesuguliwa chumvi au kulazwa juu ya moshi, kisha amepandishwa mlimani kwa pikipiki au juu ya gari la mizigo lililojaa pomoni. Ziwa liko chini, kwenye mwinuko wa mita 600 na kidogo. Sisi tuko juu, kwenye milima ya Djugu, huku Ituri, zaidi ya mita 1,000 juu ya maji hayo, katika nchi ya baridi, viazi na kabichi. Weupe wa tumbo, wekundu wa mapezi, mng'ao wa magamba, vyote vimebaki njiani. Kinachomwagwa juu ya meza siku ya soko ni rundo la kahawia lililojikunja, na mgeni akilitazama ataona samaki wa aina moja tu.

Mama anayeuza haoni hivyo. Mikono yake inatenganisha huku mdomo ukiongea na wateja: hawa huku, wale kule, huyu peke yake kwa bei yake. Ukimuuliza amejuaje, atakugeuzia mkia wa samaki au atamfungua mdomo kwa kidole gumba, kana kwamba jibu limeandikwa pale. Na kweli limeandikwa pale. Naandika insha hii kuusifu ufundi huo wa kutambua aina za samaki, ambao mimi, nisiye mvuvi wala mtaalamu wa maabara, nimejifunza kwa mapenzi tu, kwa kusimama mbele ya meza za akina mama na kuuliza.

Ninachoamini baada ya kujifunza ni hiki: kumjua samaki ni kujua ni kipi katika mwili wake hakidanganyi. Rangi hudanganya. Ukubwa hudanganya. Hata jina alilopewa na muuzaji mwenye haraka hudanganya. Lakini kuna sehemu za mwili ambazo moshi hauzigusi na chumvi haizibadili, na anayezijua hizo anaweza kusoma rundo zima la soko la mlimani bila kuona tone la maji ya ziwa.

Nilitegemea kwamba wale wanaofuga samaki kwa ajili ya rangi wangefikiri tofauti na sisi. Nilipoanza kusoma habari za koi wa Japani niliona kwamba sivyo. Koi ni karpi wa rangi, na chimbuko lao ni milima ya Niigata, katika vijiji vya Yamakoshi na Ojiya, ambako wakulima wa mpunga waliwafuga karpi wa kawaida kwenye mabwawa ya mashamba ili wapate kitoweo wakati theluji imefunga njia. Mwanzoni mwa karne ya 19 walianza kuzaliwa wachache wenye mabaka ya rangi, na wakulima wakawatenga, wakawazalisha. Mwaka 1914 samaki hao walipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Taisho jijini Tokyo, na kuanzia hapo Japani yote ikawajua. Ni watu wa mlimani, wenye baridi na mashamba ya ngazi, waliomfanya samaki wa chunguni awe samaki wa kutazamwa. Mtu wa Djugu hahitaji kufafanuliwa sana maisha hayo.

Koi wana aina nyingi, na anayejifunza huanza na tatu. Kohaku ni mweupe mwenye mabaka mekundu. Sanke ni mweupe mwenye wekundu, pamoja na madoa meusi. Showa naye ana rangi hizo hizo tatu. Hapo ndipo anayeanza anapokwama, kwa sababu akihesabu rangi, Sanke na Showa wanakuwa samaki mmoja. Mjuzi hahesabu rangi. Anatazama mahali weusi ulipokaa. Kwa Sanke weusi hukaa mgongoni na hauingii kichwani. Kwa Showa weusi hupanda hadi kichwani, hushuka ubavuni, na hujitokeza kwenye shina la pezi la kifua. Aina nyingine mbili, Asagi na Shusui, zote zina mgongo wa buluu na wekundu wa ubavuni. Zinatofautishwa kwa magamba. Asagi amefunikwa magamba mwili mzima kama wavu uliotandazwa, ilhali Shusui ana safu ya magamba makubwa mgongoni na ngozi tupu kwingineko, kwa sababu ana damu ya karpi wa Kijerumani aliyechanganywa na Asagi mnamo 1910.

Katika mashindano ya koi waamuzi huanza na umbo la mwili: uti wa mgongo ulionyooka, mabega mapana, mkia wenye nguvu. Kisha hutazama ubora wa ngozi, na mpangilio wa mabaka hufuata baadaye. Wanajua kwamba weusi wa Showa unaweza kuzama na kuibuka tena samaki anapokua, na kwamba wekundu hufifia maji yakibadilika. Kwa hiyo hata pale ambapo rangi ndiyo sababu nzima ya kumfuga samaki, si rangi inayotoa ushahidi wa kwanza. Baada ya kujua hilo nilirudi sokoni Kpandroma nikiwa na heshima mpya kwa mama wa samaki. Yeye anafanya kazi ile ile ya mwamuzi wa Niigata, ila amenyang'anywa rangi tangu mwanzo, naye hajasimama kulalamika.

Somo lake la kwanza ni mkia. Weka kambale na semutundu, kama wanavyomwita upande wa Uganda, ubavu kwa ubavu. Wote wawili hawana magamba, wote wana sharubu, wote vichwa vyao ni vya bapa, na wote wakikaushwa huwa weusi. Lakini mkia wa kambale ni wa mviringo, na wa semutundu umegawanyika kama panda. Kambale ana pezi refu la mgongo linalokwenda moja kwa moja hadi karibu na mkia. Semutundu ana pezi fupi mbele, na nyuma yake kipezi kirefu cha nyama kisicho na miiba. Moshi hauwezi kuficha tofauti hizo. Mtoto akionyeshwa mara moja, hatawachanganya tena maisha yake yote.

Somo la pili ni mdomo. Angara na ngasia ni samaki wembamba, weupe wanapotoka majini, wenye mikia iliyogawanyika, na wote wawili wana kile kipezi kidogo cha nyama karibu na mkia. Wakilala kwenye kitunga kimoja unaweza kuwachukulia kuwa ndugu, na kweli ukoo wao ni mmoja. Lakini ngasia ni mwindaji. Meno yake ni makubwa, yamechongoka, na hata akifunga taya yanaonekana kwa nje yakiwa yamepishana. Meno ya angara ni madogo na yamefichwa ndani, kwa sababu chakula chake ni vidudu na mimea midogo inayoelea. Kwa kufungua mdomo umekwisha kujua jina lake na namna alivyoishi. Hili ndilo ninalolipenda zaidi katika ufundi huu: alama ya kumtambua samaki, mara nyingi, ni kazi yake ya kila siku iliyoandikwa mwilini.

Somo la tatu lahitaji subira, maana ni la dagaa. Siku hizi sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa Ziwa Albert ni wadogo mno, wanaoanikwa juani na kupimwa kwa kopo. Upande wa Uganda wanawaita muziri na ragoge. Muziri hapatikani popote duniani isipokuwa katika ziwa hili. Mwanasayansi Mbelgiji Max Poll ndiye aliyemwelezea kitaalamu mwaka 1945. Ni mdogo kama kijiti, na hana meno katika taya. Ragoge ni mkubwa kidogo, mpana kidogo, ana meno, na ana kile kipezi cha nyama ambacho muziri hana. Chukua kiganja kimoja, kieneze juu ya karatasi nyeupe, tafuta kipezi hicho. Ukikizoea, jicho lako litaanza kukiona hata kwenye rundo ambalo halijaguswa, na utashangaa ilikuwaje siku za nyuma ukaona kitu kimoja tu.

Lakini mtihani wenyewe ni tilapia. Jina hilo moja hutumika sokoni kwa samaki wanne walio tofauti. Yupo yule mkubwa, anayejulikana kitaalamu kama Oreochromis niloticus, ambaye akiwa mbichi ana mistari myembamba ya wima iliyopangika vizuri kwenye pezi la mkia kutoka juu hadi chini. Yupo mdogo wake wa vinamasi na vighuba vya pembeni, Oreochromis leucostictus, mwenye vidoa vyeupe juu ya mwili wa giza. Yupo Sarotherodon galilaeus, mweupe, mpana, mwenye kichwa kifupi na mdomo mdogo. Na yupo Coptodon zillii, ambaye tumbo lake hugeuka jekundu wakati wa kutaga.

Moshi ukishapita, mistari imefifia, vidoa vimepotea, na tumbo jekundu ni jeusi. Ndipo unapolazimika kuinua kifuniko cha shavu. Kwenye upinde wa kwanza wa matamvua kuna safu ya vichujio vidogo vinavyozuia chakula kisitoke na maji. Hesabu vile vya sehemu ya chini. Kwa zillii, anayekula majani na vitu vikubwa, havifiki 12. Kwa niloticus, anayechuja chakula chembamba, huzidi 15. Hesabu hiyo haiathiriwi na chumvi, moshi wala safari ya mlimani. Mara ya kwanza nilipofanikiwa kuihesabu kwenye kichwa kilichokauka nilihisi nimekabidhiwa ufunguo.

Aliyewapanga tilapia wa Afrika kwa subira kuliko wote ni Ethelwynn Trewavas, mwanamke aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London. Alizaliwa mwaka 1900, na kitabu chake kikubwa juu ya samaki hao kilitoka mwaka 1983, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Hakuridhika na kuhesabu miiba na vichujio. Aliuliza pia samaki hawa wanawaleaje watoto wao. Zillii hutaga mayai chini, baba na mama wakayalinda. Galilaeus, baba na mama wote wawili huyabeba mayai mdomoni. Niloticus na leucostictus, ni mama peke yake anayebeba mayai na vifaranga mdomoni, huku akikaa bila kula. Malezi yakawa msingi wa kuwagawa katika koo tatu. Ninapomwona mama wa soko akiwa na mtoto mgongoni, akitenga tilapia huku na kule, naona kwamba mgawanyo wa Trewavas haukutoka mbali na maisha ya watu wa huku.

Kuna jozi nyingine ambayo kila mpenzi wa samaki wa Ituri anapaswa kuijua. Sangara, ambaye huku kwetu watu wengi humwita kapiteni, anatambulika upesi: pezi la mgongo lenye miiba migumu mbele, mkia wa mviringo, paji la uso lililobonyea. Carl Linnaeus alimpa jina la kitaalamu mwaka 1758, kutokana na samaki wa Mto Nile. Lakini katika Ziwa Albert wamo sangara wa aina mbili. Mwaka 1928 Edgar Worthington alikuja kuchunguza uvuvi wa ziwa hili, na mwaka uliofuata akaeleza kwamba sangara mdogo wa maji ya kina, mwenye macho makubwa kuliko mwenzake, ni aina yake pekee. Akamwita Lates macrophthalmus. Huyo naye ni wa Ziwa Albert tu. Tofauti iko kwenye jicho: ukilinganisha na urefu wa kichwa, la mmoja ni kubwa waziwazi, kwa kuwa anaishi ambako mwanga ni haba. Wavuvi wakiwachanganya wote katika jina moja na bei moja, huyu mwenye macho makubwa anaweza kumalizika bila mtu yeyote kugundua kwamba amekwenda.

Hofu hiyo ina mfano wake. Sangara waliotolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana walipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walipoongezeka sana katika miaka ya 1980, furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, walianza kutoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa wamefika Mwanza tangu 1977 kuwachunguza furu hao, na wakajikuta wanahesabu viumbe vinavyoondoka mbele ya macho yao. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea, na nyingi kati yake hazikuwahi hata kupewa jina rasmi. Zilikuwa zimeitwa furu tu, zote kwa pamoja, chakula cha maskini na chambo cha ndoano. Kisichotofautishwa hakiombolezwi. Ziwa letu pia lina furu wake, wadogo wanaodharauliwa. Mmoja wao, aliyeelezwa mwaka 1937, anaitwa mahagiensis, kwa jina la Mahagi ya jirani zetu. Wangapi kati yetu tumewahi kumshika tukijua ni yeye?

Kwa hiyo ufundi wa kutambua una haki ndani yake. Una haki kwa samaki, aonekane alivyo. Una haki kwa mnunuzi, asiuziwe kitu kwa jina la kingine. Na una haki kwa muuzaji, kwa sababu ujuzi wake ni elimu kamili, hata kama haujawahi kuandikwa kwenye cheti. Wapo wanaodhani kwamba elimu ya samaki iko Kinshasa, Brussels au London, na kwamba kilichoko Kpandroma ni biashara tu. Wakae mezani asubuhi moja. Watasikia mashaka yakichunguzwa, ushahidi ukitolewa, na mwenye kukosea akirekebishwa na jirani yake kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Elimu hiyo pia ina sifa moja ambayo watu wa Djugu wanaijua kwa uchungu. Nchi hii ilipitia vita vya 1999 hadi 2003, na ghasia zikarudi mwishoni mwa 2017. Watu wameacha nyumba, wameacha nyavu na mitumbwi, wameanza upya mahali wasipokuwa na meza wala mtaji. Lakini mama aliyejua kumsoma samaki alifika alikokimbilia bado akijua kumsoma. Wafugaji wa koi nao wanalijua hilo: tarehe 23 Oktoba 2004 tetemeko la ardhi liliiharibu Yamakoshi, wakazi wote wakahamishwa, na koi wazazi waliosalimika wakatolewa mlimani kwa helikopta. Mabwawa yalikuwa yamepasuka. Kilichowawezesha wafugaji kuanza tena ni kwamba walijua ni samaki yupi wa kuokoa kwanza. Ujuzi wa jicho hauporwi, na huo ndio mtaji unaobaki wakati mingine yote imekwenda.

Anayetaka kuanza hana haja ya vitabu vingi. Aende sokoni mapema, kabla wateja hawajawa wengi, akiwa na daftari na kalamu ya risasi. Anunue chochote kwanza, maana muda wa mtu una bei. Kisha amshike samaki mmoja na kumuuliza mwenye meza, "Mama, umemjuaje huyu?" Swali hilo lina thamani kuliko kuuliza jina, kwa sababu jina hubadilika kutoka Kilendu hadi Kialur, kutoka Kihema hadi Kiswahili, kutoka Mahagi-Port hadi Tchomia na Kasenyi, lakini mkia uliogawanyika ni ule ule popote. Amchore samaki, hata kama mchoro ni mbaya, kwa kuwa mkono unaochora hulazimisha jicho kutazama. Aandike majina yote aliyopewa. Akirudi nyumbani, kabla ya kichwa kuingia chunguni, ainue kifuniko cha shavu na kuhesabu.

Asianze na samaki kumi. Aanze na wawili wanaofanana, akae nao mpaka wasifanane tena. Hivyo ndivyo mpenzi wa koi anavyokaa na Sanke na Showa, na hivyo ndivyo angara na ngasia wanavyoachana mbele ya macho ya mwanafunzi. Kila jozi inayotengana huongeza kitu katika dunia ya mtu: jana palikuwa na samaki mmoja, leo wako wawili, na hakuna aliyemuumba wa pili isipokuwa uangalifu.

Natamani walimu wa Kpandroma na Rethy wawachukue wanafunzi wao sokoni kwa somo la baiolojia, wawakalishe mbele ya akina mama hao, na wawatambulishe kwa heshima inayowastahili walimu. Vielelezo viko mezani tayari, na bei yake ni kitoweo cha jioni. Mtoto anayeweza kuwatenga tilapia wanne waliokwisha kukaushwa, na kutoa sababu ya kila mmoja, ameanza kufikiri kwa ushahidi. Akikua, iwe atafuga samaki, atauza, atatibu watu au ataamua kesi zao, hatakubali kirahisi rangi ya juu ya jambo lolote. Atauliza kilichobaki baada ya moshi kupita.